Nilisema Udongo Ndio Mbaya

Baba alikuja Nairobi kutibiwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa ametanda pande zote mbili, na kwa miaka kadhaa alikuwa akiona, kwa maneno yake mwenyewe, kama mtu anayechungulia dunia kupitia karatasi ya mkate. Nyumbani kwetu magharibi alijua njia zote kwa miguu, kwa hiyo hakuna aliyeharakisha. Ni siku alipomwagia ng'ombe wa jirani dawa ya kupe akidhani ni wetu ndipo Mama alipopiga simu akasema basi, anakuja kwako.

Mimi ndiye mtoto wao aliye Nairobi. Nafundisha sayansi katika shule ndogo ya kibinafsi huku Eastlands, darasa la saba hadi la tisa. Na nilikuwa nimewaambia wazazi wangu kwamba ninaishi katika nyumba nzuri.

Uongo huo sikuusema kwa mkupuo. Mama aliuliza kwenye simu kama nina dirisha, nikasema ninalo. Akauliza linatazama wapi, nikasema barabarani. Mwaka mwingine akauliza wageni hukaa wapi, nikasema sebuleni. Kwa hiyo nikawa na sebule. Wakati Baba anapanda basi kuja kwangu, tayari nilikuwa na sebule, chumba cha kulala, na dirisha kubwa linaloleta upepo na mwanga, na ndani ya nyumba hiyo hapakuwa na kitu cha kweli isipokuwa kodi.

Nyumba yenyewe ni chumba kimoja, ghorofa ya kwanza, katika ploti ya ghorofa saba isiyo mbali na mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga. Dirisha lipo. Ukilifungua na kunyoosha mkono, unagusa ukuta wa ploti ya pili. Wapangaji wa juu kabisa hupata jua, sisi wa chini husikia habari zake. Saa sita mchana ukitaka kuchambua mchele unawasha taa.

Nilimpokea Baba asubuhi kwenye kituo cha mabasi, tukaja, akapanda ngazi akiwa ameshika bega langu. Niliufungua mlango. Tokeni za stima zilikuwa zimeisha usiku uliotangulia na sikuwa nimenunua nyingine, kwa hiyo taa haikuwaka. Baba aliingia hatua chache, akasimama katikati ya chumba na mkoba wake kifuani.

"Mama," akaniambia. Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Kwani hakujakucha?"

Ilikuwa inakaribia saa tatu. Nje watu walikuwa wameshaanika nguo.

Kabla sijasema kitu, akajijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mgonjwa aliyelala.

"Haya macho yameisha kabisa sasa."

Nilimshika mkono nikamkalisha kitandani, nikamwambia, "Hiki ndicho chumba chako, Baba. Mimi niko huko upande wa sebule." Upande wa sebule ulikuwa pazia la maua nililolifunga kwa kamba, na nyuma yake jiko la gesi, ndoo mbili za maji na viatu vyangu.

Kwetu baba halali chumba kimoja na binti yake mkubwa. Ni mwiko ambao hata wasiofuata miko mingine huufuata. Kwa hiyo kila jioni baada ya chakula nilisubiri alale, nikavuta mlango polepole, nikaenda kulala kwa jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Kiislamu anayeuza madera na leso, ambaye mume wake ni dereva wa lori na huwa safarini muda mwingi. Alinitandikia godoro bila kuniuliza. Usiku wa tatu ndipo aliposema, "Mwalimu, si umwambie tu? Ni babako." Nilimwambia nitamwambia akishafanyiwa upasuaji, asije akasumbuka moyo.

Upasuaji ukaahirishwa. Walimpima presha wakakuta iko juu, wakampa vidonge na kumwambia arudi baada ya wiki kadhaa. Daktari alitusisitizia kwamba macho yenyewe hayana tatizo jingine, yakisafishwa yataona. Baba aliitikia, lakini nilimwona hakuamini. Tukiwa nje, kwenye mwanga mkali wa hospitali, aliniambia anaona kidogo, ila akirudi nyumbani kwangu haoni kitu, na hilo ndilo linalomtisha. Niliita teksi ya pikipiki nikiwa nimegeuza uso.

Baba ni mkulima. Hajui kukaa. Siku ya kwanza ya kungoja alikunja nguo zake zote, akazikunjua, akazikunja upya. Siku iliyofuata alitoa kwenye mfuko wa koti kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake mbegu za kunde.

"Nitafutie mkebe na udongo," akasema. "Mboga hizi hazina shida. Utakuwa unachuma hapo dirishani ukitoka kazini."

Nilimletea mkebe wa mafuta ya kupikia, nikautoboa chini kwa msumari, na udongo nikauchota nyuma ya choo cha walimu. Alizipanda kwa kidole, akipima kina kwa ukucha, na kila mbegu aliifukia kama anayemfunika mtoto. Tukauweka mkebe dirishani. Dirishani kwangu, mkabala na ukuta.

Ziliota haraka. Aliziona kwa vidole kabla sijaziona kwa macho, na asubuhi nilipotoka kwa jirani na kuingia kwangu kana kwamba nimetoka sebuleni, nilimkuta ameinama juu ya mkebe akitabasamu. Baada ya siku chache akawa anashangaa. "Kunde za Nairobi zinakimbia," alisema. "Nyumbani hazijawahi kurefuka hivi." Alinionyesha urefu kwa kiganja. Nilitazama, na nikajua mara moja ninachokiona. Shina lilikuwa jembamba kama uzi wa kushonea, leupe chini, na huko juu majani mawili madogo ya manjano yamejikunja. Miche yote imeelekea upande mmoja, pale pembeni ya dirisha ambapo mwanga hafifu huteremka kati ya kuta mbili.

Kabla ya wiki kwisha zikaanza kulala. Baba aliziinua kwa vidole, zikalala tena.

"Laini kama nywele," alisema. "Mama, hebu niambie, zina rangi gani?"

"Kijani, Baba."

"Kijani kabisa?"

"Kijani."

Akafikiri. "Basi ni udongo. Wewe ndiye mwalimu wa hayo mambo. Ni udongo, sivyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Udongo wa huku ndio mbaya."

Nataka nieleze vizuri nilichokuwa nafundisha wiki hiyohiyo, maana ndicho kinachonichoma hadi leo. Tulikuwa tumefika mada ya usanisinuru. Nilikuwa nimefungia mmea mmoja kwenye kabati la darasa, mwingine nikauacha uani, kisha tukachuma jani kutoka kila mmoja. Jani unalitia kwenye maji yanayochemka, halafu kwenye spiriti iliyopashwa moto kwa maji, si kwa moto wenyewe, mpaka ukijani wote utoke na jani libaki jeupe kama karatasi. Kisha unalidondoshea ayodini. La uani liligeuka bluu nyeusi, maana yake lina wanga, limejitengenezea chakula. La kabatini lilibaki na rangi ya kahawia ya ayodini yenyewe.

Kulikuwa na msichana wa kiti cha mbele ambaye kila kitu alikipima kwa maisha ya kwao. Alinyoosha mkono. "Tichaa, sisi kwetu maua ya mathe hufa tu. Na yeye huyawekea maji kila siku."

"Mnaishi ghorofa ya ngapi?" nilimuuliza.

"Graundi."

"Basi hayo maua hayaumwi," nikamwambia, na darasa zima likisikia. "Yana njaa. Maji yapo, hewa ipo, lakini hakuna mwanga wa kupikia."

Lilikuwa jibu zuri. Nilifurahia nilivyolisema. Jioni nikarudi nyumbani, na Baba akaniuliza kama shuleni kuna samadi.

Kwa kuwa mimi nilisema udongo ndio mbaya, yeye aliamua kuutengeneza. Aliuliza huku na huku, nikiwa kazini, mpaka keateka, msimamizi wa ploti, akamwambia kuna mtu anafuga kuku upande wa pili wa barabara. Baba alishuka ngazi peke yake akipapasa ukuta, akavuka, akapata kinyesi cha kuku kwenye mfuko wa karatasi, akarudi. Ni wakati wa kupanda ndipo alipokosea ngazi moja. Zile ngazi hazina taa, na moja yake imemeguka. Aliangukia goti, akajikwaruza muundi wote.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya chini ya mlango wetu, suruali imekunjwa, keateka akimsafisha kwa maji ya chumvi. Jirani yangu alikuwa amesimama na beseni. Alinitazama tu, kisha akatazama chini, na afadhali angenitukana.

"Samadi haikumwagika," Baba aliniambia. "Nimeishika."

Nilimwingiza ndani, nikamkalisha. Nikaenda nyuma ya pazia nikajifanya natafuta bandeji. Huko nyuma ya pazia palikuwa na nafasi ya kusimama mtu mmoja tu, na nilisimama hapo mpaka nikaona haya kusimama zaidi. Nikalivuta pazia lote kando, nikakaa chini karibu na miguu yake.

"Baba, si udongo."

"Ni nini?"

"Ni giza. Hapa hakuna jua."

Alinigeuzia uso. "Dirisha si liko barabarani?"

"Linatazama ukuta."

Nikamwambia yote. Kwamba ni chumba kimoja. Kwamba hakuna sebule, ninalala kwa jirani. Kwamba kunde si za kijani, ni za manjano, na nilijua tangu siku ya kwanza ni kwa nini. Alisikiliza mikono ikiwa magotini. Nilidhani atauliza kwa nini nilimdanganya. Aliuliza kitu kingine.

"Udongo una kosa gani basi? Mmea haula udongo?"

"Hauli udongo, Baba."

"Unakula nini?"

Shuleni nafundisha kwa Kiingereza, na maneno yale huteleza yenyewe. Pale sakafuni ilinibidi nitafute upya kila moja. Nilimwambia kwamba mmea haukuti chakula popote, unajipikia. Maji unayapata kwa mizizi, pamoja na chumvichumvi chache za udongoni, hizo ndizo samadi huongeza. Lakini sehemu kubwa ya mwili wake unaitoa hewani. Chini ya majani kuna vitundu vidogo visivyoonekana, hufunguka na kuingiza hewa ya ukaa, ileile tunayoitoa sisi puani.

"Ninayoitoa mimi?"

"Ndiyo. Jani linaichukua hiyo pamoja na maji, linatengeneza sukari. Sukari nyingine linaichoma kupata nguvu, nyingine linaijengea shina na mizizi, nyingine linaiweka akiba kama wanga. Ndiyo unga wa mahindi huo, Baba. Ndiyo muhogo."

"Na mahindi ya shambani kwangu yametokana na hewa."

"Kwa sehemu kubwa. Hewa na maji."

Akalipima hilo. "Na jua?"

"Jua ndilo moto wa kupikia. Ule ukijani wa majani unaitwa klorofili, ndio unaolinasa. Bila mwanga, maji na hewa hukaa tu pale, haviungani. Na vikishaungana, mmea unabaki na hewa safi usiyoihitaji yote, unaitoa nje, ndiyo tunayovuta."

"Yote hayo yanaitwaje?"

"Usanisinuru."

"Kama jina la dawa," alisema. Kisha, "Mbona zilikimbia, kama hazikuwa na chakula?"

"Mbegu ya kunde ina akiba yake. Ile nyama ya mbegu tunayokula. Mche ukiwa gizani unaitumia yote kurefuka, unatafuta mwanga. Haujishughulishi na majani, wala na ukijani, kwa sababu ukijani wenyewe hauwezi kutengenezwa bila mwanga. Unakimbia tu. Usipoufikia, akiba inakwisha, unalala."

Baba alishika mguu wake ulioumia.

"Kwa hiyo siku ile nilipoingia," alisema taratibu, "kulikuwa na giza kweli."

"Ndiyo."

"Si macho."

"Si macho, Baba."

Akashusha pumzi ndefu sana. Nilimtazama, nikadhani analia, na kumbe alikuwa anafurahi. "Nilikuwa nimempigia mama yako," alisema. "Nimemwambia aanze kuzoea. Nimemwambia huyu wa hospitali ananifariji tu, lakini mimi mwenyewe najua, nimeshakuwa kipofu. Alilia siku mbili." Akacheka kidogo, akafuta uso kwa kiganja. "Kumbe ni ukuta."

Hakunigombeza. Nilikuwa tayari kugombezwa, nilikuwa hata nimekaa chini kwa ajili hiyo, na alivyofurahi namna ile sikupata mahali pa kujiweka. Wiki mbili nzima nilimwacha mtu aamini ameshakuwa kipofu, ili asijue kwamba mimi ni maskini.

Siku iliyofuata aliniomba nimwonyeshe jua liko wapi. Nilimpeleka chini, kwenye kona karibu na mwuza maji, ambapo kuna ploti moja bado haijajengwa. Hapo jua huingia kuanzia katikati ya asubuhi mpaka ploti ya upande wa pili ilifiche. Mwuza maji alimpa mtungi uliogeuzwa akalie. Kila siku Baba alishuka, sasa akishikiliwa na keateka au na jirani yangu, akaketi na mkebe mapajani. Kunde tatu hazikuinuka tena. Zilizobaki ziligeuka rangi, kwanza manjano ya ndimu, kisha kijani chenyewe, na jani la tatu likatoka likiwa pana. Kila jioni aliniuliza rangi, nami nilimweleza kwa uangalifu kama shahidi mahakamani.

Presha ikashuka, akapasuliwa jicho la kulia. Bandeji ilitolewa kesho yake, akapewa matone na miwani mikubwa myeusi, akaambiwa asipigwe na vumbi wala asiinue kitu kizito. Nilimwambia akae ndani siku kadhaa. Alikubali. Kisha mimi nikaenda kazini.

Siku hiyo nilitoka shuleni mapema pamoja na mwalimu mwenzangu wa hisabati, kijana mzaliwa wa Shauri Moyo, mpole, asiyeweza kumpita mwenye shida bila kutia mkono mfukoni. Shuleni pia waliamini ninaishi mahali pazuri. Tulikuwa tunazungumza habari za mitihani. Tulipokata kona ya mwuza maji nilimwona Baba kwa mbali, ameketi kwenye mtungi, miwani myeusi usoni, mguu wenye kovu umenyooshwa, mkebe umeshikwa kwa mikono miwili mbele yake.

Mwenzangu hakukatiza maneno yake. Alichepuka hatua moja, akainama, akadondosha sarafu kwenye mkebe, akarudi kando yangu.

Nilikuwa nimesimama. Nitasema kweli, miguu yangu ilitaka kuendelea. Ilikuwa ni kupita tu. Baba asingenijua, jicho moja lilikuwa bado bovu na lingine nyuma ya kioo cheusi, na mwenzangu angeniaga kwenye kona ya mbele bila kujua lolote.

Baba akainua uso. "Asante, lakini haziuzwi," alisema kwa adabu. "Bado ni changa."

Mwenzangu akageuka, akatazama ndani ya mkebe, akaziona kunde.

"Baba," nikasema.

"Mama, umefika? Watu wa hapa ni wakarimu, lakini hawasikii. Nimewaambia tangu asubuhi kwamba siuzi, wananiachia tu."

Niliinama nikatazama. Sarafu zilikuwa zimelala kati ya mashina, nyingine zimezama nusu kwenye udongo uliolowa. Mwenzangu alikuwa amebadilika rangi. "Huyu ni mzazi wangu," nilimwambia. "Amepasuliwa jicho."

"Pole, Mwalimu. Shikamoo mzee. Pole sana, sikujua."

"Pole ya nini?" Baba akauliza, akimnyooshea mkono mahali alipoisikia sauti. "Karibu. Hizi ni kunde. Zilikuwa gizani, sasa zinajipikia."

Mwenzangu aliupokea mkono kwa mikono miwili. Hakujua atazame wapi. Hata mimi sikujua. Baada ya hapo, katika chumba cha walimu, alikuwa akinipisha mlangoni kwa heshima nyingi mno, na sikuweza kumwambia aache.

Baba aliagiza sarafu zile apewe mwuza maji, ili yeyote mwenye kiu anywe. Nilizitoa moja moja kwenye udongo kwa vidole. Watu walikuwa wanapita.

Tulichuma majani yale mara moja tu. Yalijaa kiganja. Niliyachanganya na sukuma wiki ili yaonekane chakula, na jirani akaja kula nasi, akasifu. Baba alisema yana uchungu kidogo, lakini ni kunde.

Siku za mwisho jicho lilikuwa limetulia. Tukitoka kliniki, ameruhusiwa kuvua miwani, alitembea polepole akisoma kwa sauti kila kibao cha duka, hata vya vinyozi. Karibu na kituo alikuwepo mzee kipofu, ameketi kando ya njia, ameshika kopo. Mtu akapita, akadondosha sarafu. Baba akasimama. Alimtazama yule mzee, akalitazama kopo, akatazama mikono yake mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa alichokuwa nacho, akainama na kumwekea, akamsalimu. Tukaendelea na safari. Hakusoma vibao tena.

Nilikuwa nimekiogopa kile kilichofuata kwa mwezi mzima. Kulikuwa na usiku, nikiwa kwenye godoro la jirani, nilipojikuta naomba jicho lile lipone, ila lisipone haraka. Nililiomba hilo kwa maneno. Sasa alikuwa amepona, na alikuwa anapanda ngazi zangu bila kushika bega la mtu.

Niliwasha taa. Baba alisimama pale katikati, mahali palepale. Alitazama ukuta wenye ukungu, kitanda, kamba ya pazia, dirisha. Alienda dirishani, akanyoosha mkono, akaugusa ukuta wa jirani kwa kiganja. Akageuka kunitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko alivyotazama chumba.

"Umekonda," alisema. "Na una mvi hapa." Akagusa kipaji cha uso wake kunionyesha. "Hakuna aliyeniambia."

"Ni kazi tu, Baba."

"Chumba ni kidogo," alisema. Hakuongeza wala hakupunguza.

Jioni hiyo, ya mwisho kabla asafiri, nilikuwa nasonga ugali. Nilimwomba, bila kugeuka, asiwaambie watu wa nyumbani. Nilisema nitahama karibuni. Alisema, "Wakiniuliza nitasema nini?" Simu ikalia, alikuwa Mama. Baba ni mzee wa kanisa. Sijawahi kumsikia akisema kitu kisicho kweli, hata kwa mtu anayemdai ng'ombe, na tulipokuwa watoto alituchapa kwa uongo zaidi ya kosa jingine lolote.

Niliisikia sauti ya Mama ikiuliza, nyembamba, kutoka kwenye simu. Unaona kweli? Baba akasema anaona. Na kwa mtoto, kukoje?

Baba alilitazama dirisha. "Kuzuri," akasema. "Nyumba nzuri. Ina dirisha kubwa."

Mama akauliza kitu kingine.

"Ndiyo," Baba akasema. "Jua linaingia vizuri."

Alinipa simu, nikazungumza na Mama, nikamwitikia kila alichosema. Nilipoirudisha, Baba alikuwa ameshanawa mikono, anangoja chakula. Niliweka sahani. Akafumba macho yake, akaanza kushukuru kama kawaida, kwa chakula na kwa aliyekipika, kisha akanyamaza katikati ya sala. Midomo yake iliendelea kusema kitu nisichokisikia, na ugali ukapoa.